Je, Unene wa Mtoto Unaambukizwa? Tunajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimekuja na swali moja lenye sura nyingi: mtoto akinenepa kupita kiasi, lawama ni ya chakula, ya damu ya ukoo, ya dawa, au kuna kirusi nyuma yake? Tumechagua barua nane. Baadhi tumezifupisha.

Mwanzoni mwa 2024 wanangu wawili waliugua macho mekundu, ule ugonjwa ulioenea hapa Dar es Salaam. Tangu hapo mdogo, ambaye sasa ana miaka minane, amekuwa akinenepa tu. Nimesoma kwamba virusi vya adeno vinavyoleta macho mekundu ndivyo hivyo hivyo vinavyonenepesha watu. Je, ni kweli? Kuna kipimo naweza kumfanyia? — Mama wa watoto wawili, Temeke

Virusi vya adeno ni ukoo mkubwa. Vile vinavyomwambukiza binadamu vimepewa namba, na namba hizo zimepita 50. Kila kimoja kina mahali pake: vingine hushika koo na mapafu, namba 40 na 41 huharisha watoto wadogo, na namba 8 na 37 zinajulikana kwa milipuko ya macho mekundu. Kirusi kinachotajwa sana katika habari za unene ni namba 36. Kwa hiyo macho mekundu pekee hayatoshi kukuambia kwamba mwanao alipata kirusi hicho.

Habari yenyewe ilianzia kwa kuku. Katika miaka ya 1980 ugonjwa uliua kuku wengi nchini India, na daktari wa mifugo S. M. Ajinkya wa Bombay, mji unaoitwa Mumbai leo, akakipata kirusi kilichousababisha. Kikaitwa SMAM-1. Nikhil Dhurandhar, daktari aliyekuwa akitibu watu wanene katika mji huohuo, aliposikia habari za kuku hao alisimama kwenye jambo moja: walikufa wakiwa na mafuta mengi tumboni, ilhali mnyama mgonjwa kwa kawaida hukonda. Alipowaambukiza kuku wengine, nao wakaongezeka mafuta huku lehemu (kolesteroli) katika damu yao ikishuka. Kisha akawapima watu 52 wenye unene. Kumi walikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili wanaobaki kwenye damu baada ya maambukizi, dhidi ya kirusi hicho cha kuku, na hao kumi walikuwa wazito kuliko wenzao.

Alipohamia Marekani hakupewa ruhusa ya kuingiza kirusi cha ndege, hivyo akageukia kirusi cha binadamu, adeno namba 36, kilichopatikana Ujerumani mwaka 1978 katika kinyesi cha mtoto wa kike mwenye kisukari aliyekuwa akiharisha. Kuku na panya walioambukizwa nacho walinenepa. Mwaka 2005 yeye, mtafiti mwenzake Richard Atkinson na wengine walitoa matokeo ya watu wazima 502: asilimia 30 ya wanene walikuwa na kingamwili za namba 36, wakati kwa wasio wanene zilikuwa asilimia 11. Mwaka 2010 yakafuata matokeo ya watoto 124 wa San Diego, Marekani, wenye umri wa miaka 8 hadi 18. Kumi na tisa walikuwa na kingamwili, na 15 kati yao walikuwa wanene. Kwa wastani wenye kingamwili waliwazidi wasio nazo kwa karibu kilo 23.

Namna kirusi kinavyofanya kazi imeelezwa vizuri maabara. Kina jeni iitwayo E4orf1 inayozisukuma seli changa zigeuke seli za mafuta, kisha inazifanya zinyonye sukari nyingi zaidi kutoka kwenye damu. Ndiyo maana baadhi ya wenye kingamwili wameonekana kuwa wanene na bado sukari yao ya damu iko sawa, jambo linalowashangaza madaktari.

Sasa upande wa pili, na huu ndio tunaoomba uusome kwa makini. Tafiti za Ubelgiji na Uholanzi, na nyingine ya wanajeshi wa Marekani, hazikuona uhusiano huo. Tena kingamwili hukaa mwilini muda mrefu. Damu ikipimwa mara moja haiwezi kukuambia kama kirusi kilikuja kwanza au unene ulikuja kwanza, na hakuna mwenye utu atakayemwambukiza mtoto makusudi ili apate jibu. Rudi pia kwenye wale watoto wa San Diego: wanene walikuwa 67, na 52 kati yao hawakuwa na kingamwili kabisa. Hata tukikipa kirusi lawama yote kinayoweza kubeba, watoto wengi wanene wanabaki bila maelezo hayo.

Kwa haki tuongeze jambo moja. Namba 37, ambayo ni ya macho mekundu kweli, nayo iliwanenepesha kuku wa maabara, wakati namba 2 na 31 hazikufanya hivyo. Ni jambo la kufuatiliwa. Lakini kuku aliyedungwa kirusi kwenye kizimba ni mbali sana na mtoto aliyefikicha macho shuleni.

Kipimo tunakushauri usihangaike nacho. Kikisema ndiyo, hakuna dawa. Kikisema hapana, mtoto bado ni mnene. Chanjo ya virusi vya adeno iliyopo ni ya namba 4 na 7 tu, nayo hupewa wanajeshi wa Marekani. Fedha hiyo itumie kumpima mtoto uzito na urefu, na ujiulize nini kingine kilibadilika tangu 2024: shule, usafiri, saa ya kulala, simu, anayepika nyumbani.

Macho mekundu yakirudi, kumbuka kwamba virusi hivi havina gamba la mafuta, hivyo vitakasa mikono vya spiriti havivimalizi kirahisi, na vinaweza kukaa siku nyingi juu ya kitasa au meza. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kila mtu awe na taulo na mto wake, na ufute vitasa kwa dawa ya klorini: sehemu 1 ya dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Usiichanganye na siki wala sabuni ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu.

Mwanangu alitumia amoksisilini mara nne kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kikohozi na homa. Sasa naambiwa antibiotiki za utotoni huleta kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Nilimharibu? — Mama, Arusha

Hukumharibu. Shaka hiyo ina chanzo chake: tangu katikati ya karne iliyopita wafugaji katika nchi nyingi waliwapa kuku na nguruwe antibiotiki kidogo kidogo ili wakue haraka, na watu wakajiuliza kama watoto nao hupatwa na hali hiyo. Tafiti za mwanzo ziliona kweli kwamba watoto waliopewa antibiotiki mapema walikuwa na unene zaidi. Kasoro yake ni kwamba hazikutenganisha dawa na ugonjwa. Mwenye kuonekana na mwavuli kila mvua inaponyesha siye anayeileta mvua.

Mwaka 2017 mtafiti De-Kun Li na wenzake wa shirika la afya la Kaiser Permanente, Kaskazini mwa California, Marekani, walitoa utafiti uliojaribu kuvitenganisha. Waliwafuatilia watoto 260,556 waliozaliwa kati ya 1997 na 2013. Waliougua maambukizi mwaka wa kwanza bila kupewa antibiotiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa unene baadaye, kwa takriban robo, kuliko wale ambao hawakuugua. Kadiri maambukizi yalivyokuwa mengi, ndivyo uwezekano ulivyopanda. Waliopewa antibiotiki walipolinganishwa na waliougua bila kupewa, tofauti ilitoweka. Kwa hiyo kidole kinaelekea kwenye maambukizi yenyewe zaidi kuliko kwenye chupa ya dawa. Hao ni watoto wa California wenye bima ya afya, si wa Arusha, na robo juu ya uwezekano mdogo ni ongezeko dogo kwa mtoto mmoja mmoja. Lakini inatosha kukuondolea hatia.

Hiyo si ruhusa ya kununua antibiotiki dukani. Mafua, na kikohozi kingi cha watoto, ni virusi, na amoksisilini haiviui. Inachofanya ni kuharisha mtoto na kufundisha bakteria usugu. Linalofaa ni kupunguza idadi ya maambukizi na kuyashika vizuri yanapokuja: chanjo zote kwa tarehe, zikiwamo za rota na nimonia, maziwa ya mama pekee miezi 6, na mikono safi kabla ya kumlisha. Akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kupeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kubonyea kwa kifua anapovuta pumzi ni vivyo hivyo. Akiharisha, ORS na zinki: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akiwa juu ya hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumeisha siku ya tatu.

Kuna kosa moja la baada ya ugonjwa. Mtoto aliyeharisha anatakiwa apewe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki 2 ili arudishe alichopoteza. Nyumba nyingi huanza mlo huo na hazikumbuki kuusimamisha. Mwezi wa tatu mtoto bado anapewa uji wa mgonjwa, na biskuti za kumbembeleza zimekuwa desturi ya kila jioni.

Mtoto wangu wa kiume ana miezi mitano na kilo 9.4. Alizaliwa na kilo 2.4. Nimerudi kazini, hivyo anatumia maziwa ya kopo. Bibi yake huongeza kijiko kimoja cha maziwa kwenye kila chupa na uji mwepesi usiku ili alale. Kila anayemwona anamsifu kwa ubonge. Mimi sina amani. — Mama, Tabata

Mashaka yako yana msingi. Mvulana wa kilo 2.4 anaanza chini kabisa ya kadi, na kwa miezi 5 kilo 9.4 ni juu kidogo ya mstari wa +2, ulio karibu na ukingo wa juu wa kadi. Wa katikati ana kilo 7.5. Mwanao amekata mistari yote kwa miezi mitano, na kupanda kwa kasi namna hiyo, hasa kwa aliyezaliwa mdogo, ni mojawapo ya dalili za mapema zinazotangulia unene wa utotoni. Kadi ya kliniki tumezoea kuisoma kwa hofu ya kushuka tu. Mstari unaopanda kwa kasi nao unazungumza.

Tuanze na kijiko cha bibi. Makopo mengi huelekeza kijiko 1 kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji. Thibitisha kwenye kopo lako. Chupa ya mililita 150 ni vijiko 5, sawa na takriban kalori 100. Cha sita kinaongeza 20. Kwa chupa 5 kwa siku hizo ni kalori 100 zaidi, yaani mtoto anakunywa chupa nzima ya ziada ambayo hakuna aliyeiona. Mbaya zaidi, chumvi na protini navyo vinapanda, figo zake zinatumia maji mengi kuvitoa, anapata kiu, analia, na kilio kinajibiwa kwa chupa nyingine. Maji yatangulie kwenye chupa, yakiwa yamechemka na kupoa kidogo, yasiwe chini ya nyuzi 70, ndipo unga ufuate. Sawazisha kijiko kwa kisu, usishindilie. Yapoze kabla ya kumpa, na kinachobaki baada ya saa 2 kimwagwe.

Protini tumeitaja kwa sababu. Kuanzia 2002 watoto wa Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Poland na Hispania waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa maziwa ya kopo yenye protini nyingi na nusu yenye protini kidogo. Walipofika miaka 6, asilimia 10 ya kundi la kwanza walikuwa wanene, la pili asilimia 4.4. Maziwa ya mama yana takriban gramu 1 ya protini kwa mililita 100. Ya ng'ombe yana zaidi ya 3. Chagua kopo la umri wake, miezi 0 hadi 6, usirukie la namba 2 kwa sababu mtoto anaonekana mkubwa.

Uji uache mpaka miezi 6, tena kwa bakuli na kijiko, si kwa chupa. Hauleti usingizi, mtoto wa miezi 5 kuamka usiku ni umri wake. Mpe chupa ukiwa umeilaza karibu usawa, pumzika kila baada ya dakika chache, na akigeuza uso, akifunga mdomo au akilegeza viganja, amemaliza, hata kama zimebaki mililita 40. Usimpunguzie maziwa kwa nguvu wala kuyaongeza maji. Unataka mwendo upungue hadi karibu gramu 400 kwa mwezi huu ujao, ambao ndio mwendo wa kawaida wa umri wake, na urefu umfuate.

Na kama maziwa yako hayajakauka, kamua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, juu ya zile siku 84 za likizo. Yaliyokamuliwa hukaa kwenye friji hadi siku 4. Bila friji, kwa joto la Dar es Salaam, yatumike ndani ya saa 4 au chini ya hapo.

Bibi asilaumiwe. Katika miaka yake hofu ilikuwa mtoto kukonda, na alikuwa sahihi kuiogopa. Mwonyeshe kadi, mhesabieni vijiko pamoja.

Nina mimba ya wiki 20. Kabla ya mimba nilikuwa kilo 78, sasa 84, urefu wangu ni mita 1.60. Nyumbani naambiwa nile kwa watu wawili. — Likoni, Mombasa

Uzito wako wa mwanzo ukiugawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, 78 kwa 2.56, unapata 30.5, ambayo iko katika unene. Kwa mwanamke wa hali hiyo, nyongeza inayoshauriwa kwa mimba nzima ni kilo 5 hadi 9. (Kwa mwenye uzito wa kawaida ni 11.5 hadi 16.) Umeshaongeza 6, zimebaki kama 3 kwa wiki 20. Usijinyime chakula na usijaribu kupungua. Punguza kasi tu. Soda, juisi na chai ya sukari nyingi ndizo zitoke kwanza, kisha mahamri ya kila asubuhi, kisha mafuta ya kupikia. Kijiko 1 kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Mimba ya kati hudai nyongeza ya kama kalori 340 kwa siku hata kwa mwenye uzito wa kawaida: ndizi 1, glasi 1 ya maziwa na kiganja kidogo cha karanga. Mtu wa pili anakula hivyo tu.

La lazima zaidi ni sukari. Glukosi ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, insulini yake haipiti. Mtoto akipokea sukari nyingi hutengeneza insulini yake mwenyewe, na insulini hiyo huweka mafuta. Ndiyo njia ya kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4 ambaye mwili wake umeanza kuweka akiba kabla hajalia. Kwa uzito wako, sukari ya kufunga, yaani inayopimwa kabla hujala, ingepimwa tangu mwanzo. Kama haikupimwa, ipimwe sasa. Kati ya wiki 24 na 28 fanya kipimo kamili: unakwenda hujala tangu usiku, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Namba moja tu (kwa milimoli kwa lita, mmol/L) ikifika 5.1 ya kufunga, 10.0 ya saa 1 au 8.5 ya saa 2, ni kisukari cha mimba. Kipimo cha mkojo hakitoshi, kwa sababu sukari ya damu hupanda mbali kabla ya kuonekana kwenye mkojo.

Kama kirusi cha unene kilitoka kwa kuku, tuache kuku wa kisasa? — Nyamagana, Mwanza

Hapana. SMAM-1 ni kirusi cha ndege, na kuku aliyeiva sawasawa, mchuzi wake ukiwa umechemka na nyama haina wekundu mfupani, hana kirusi kilicho hai. Kuku wa kisasa hukua upesi kwa sababu ya mbegu yake na chakula chake. Kinachomnenepesha mtoto kwenye chipsi kuku ni mafuta, chipsi zenyewe na soda ya pembeni. Mchemshe au mchome, mwondoe ngozi.

Kwetu watoto wamedumaa. Mbona mnazungumzia unene wa watoto wa mjini? — Mwalimu, Njombe

Swali zito, na ni kweli kwamba kudumaa ndiko mzigo mkubwa: utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Lakini mambo haya mawili hayakai nyumba tofauti. Uholanzi, katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa walipimwa wakiwa vijana wa miaka 19 wakiingia jeshini. Wale ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene zaidi kuliko wenzao. Ambao iliwakuta mwishoni mwa mimba na baada ya kuzaliwa walikuwa na unene mdogo kuliko wenzao. Mwili uliojengwa wakati wa uhaba hubana matumizi, kisha ukikutana na wingi unaweka akiba.

Kwa darasa lako maana yake ni hii: mtoto aliyedumaa asinenepeshwe kwa sukari na mafuta ili "afidie". Anahitaji maharage, mayai, dagaa, maziwa, mboga za majani na matunda. Uji wa mahindi matupu wenye sukari unaongeza kilo bila kuongeza sentimita.

Kijana wangu ana miaka 7, kilo 30, sentimita 120. Anaamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, analala saa 4 usiku. Nampa soda moja ya kwenda nayo na shilingi elfu moja. Nimpe dawa ya kupunguza? — Baba, Kibaha

Dawa hapana. 30 gawanya kwa 1.44 (urefu wa mita 1.20 uliozidishwa kwa wenyewe) ni 20.8. Kwa mvulana wa miaka 7 uzito uliozidi huanzia 17 na unene huanzia 19, kwa hiyo ni mnene. Lengo si apungue, ni asimame. Akibaki kilo 30 mpaka afike sentimita 133, namba yake itashuka hadi 17, na wakati huo atakuwa na miaka 9, umri ambao 17 ni ya kawaida.

Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, kama vijiko 9 vya chai. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtoto wa siku nzima ni gramu 25. Mpe chupa ya maji. Usiibadilishe kwa juisi ya pakiti, utakuwa umebadilisha rangi tu. Elfu moja igeuze iwe yai la kuchemsha, kipande cha muhogo wa kuchemsha na tunda kutoka nyumbani.

Usingizi ndio tunaoupigia kelele zaidi, kwa sababu wazazi wengi hawauhesabu. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 7. Anahitaji 9 hadi 12. Mtoto asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi siku inayofuata, na njaa hiyo huchagua vitamu. Kama basi haliwezi kubadilika, alale saa 2 usiku, televisheni na simu zikizimwa saa 1. Chakula cha jioni kisingoje wewe urudi. Acheze mpaka atoke jasho kwa jumla ya dakika 60 kila siku. Rede, mpira wa makaratasi na kuruka kamba vyote vinahesabiwa. Na sheria hizi ziwe za nyumba nzima. Mtoto akiona yeye tu ananyimwa soda huku dada yake anakunywa, atajificha kula.

Mpeleke kwa daktari bila kungoja ukiona weusi shingoni au kwapani kama uchafu usiosuguka, akikoroma na pumzi kukatika, akiwa na kiu na kukojoa mno, akichechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, au akinenepa huku urefu umesimama. Hilo la mwisho linaweza kuwa tatizo la homoni.

Ninalea mjukuu mwenye VVU, miaka 6. Tangu abadilishiwe dawa kuwa dolutegravir amenenepa. Ni kirusi au dawa? Kisha kliniki yetu hupima uzito tu, haina ubao wa urefu. — Bibi, Bukoba

Shikamoo bibi. VVU visipodhibitiwa hukondesha, hivyo kilo za miezi ya kwanza mara nyingi ni afya inayorudi. Dawa nayo ina sehemu yake: kwa watu wazima, hasa wanawake, utafiti wa Johannesburg ulionyesha dolutegravir ikiongeza uzito, zaidi inapochanganywa na dawa fulani nyingine. Kwa watoto nyongeza ni ndogo. Katika utafiti uliohusisha Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, watoto waliotumia dolutegravir walizidi wenzao kwa kama kilo 1 katika muda unaokaribia miaka 2, na urefu nao ulizidi kwa karibu sentimita 1. Usisimamishe dawa wala kuruka hata siku moja. Kirusi kikipata mwanya kitajenga usugu, na hasara hiyo haina kipimo. Mweleze mhudumu wa kliniki, apimwe kila mwezi.

Urefu waweza kuupima nyumbani. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu tambarare. Avue viatu, na kama ana nywele za kusuka zilizopanda juu zifunguliwe. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, pembe yake ikibana ukuta, uweke alama ya penseli chini yake, kisha upime kutoka sakafuni kwa futi ya fundi, si ya kitambaa ya mshonaji, maana hiyo huvutika ikizeeka. Rudia mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu. Kama una mwingine mdogo chini ya miaka 2, yeye hupimwa akiwa amelala chali. Ukilazimika kumpima amesimama, ongeza sentimita 0.7 kabla ya kuandika kwenye kadi.